Jenerali, Shetani na Magari Matano

Roméo Dallaire alipokiita kitabu chake Shake Hands with the Devil, aliwarahisishia kazi wauza vitabu na kuwaponza wasomaji. Kila ninayekutana naye ambaye amekisoma, au amekisikia tu kwa watu, ananisimulia habari ya shetani: jinsi jenerali alivyokwenda kukutana na viongozi wa Interahamwe hotelini Kigali, akatoa kwanza risasi kwenye bastola yake kwa kuogopa kwamba angewamaliza palepale, kisha akawapa mkono. Ni tukio zito, sikatai. Lakini mimi nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili kilichonikaa kichwani ni magari. Nani ana magari mangapi, mangapi yanawaka, dizeli iliyobaki ni ya siku ngapi, na nani huko New York au Washington bado anabishana kuhusu ankara. Jamani, hiki ni kitabu cha bohari. Na kama kitabu cha bohari, sijasoma kingine kinachokikaribia.

Kwa wasiomfahamu: Dallaire ni Mkanada, ofisa wa mizinga, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1946 na kukulia Montreal. Oktoba 1993 alitua Kigali kuongoza UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopewa kazi ya kusimamia mkataba uliosainiwa kwetu Arusha tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Aliondoka Agosti 1994 akiwa ameumia rohoni, na mwaka 2000 jeshi la kwao likamstaafisha kwa sababu za afya. Kitabu alikiandika kwa msaada wa Meja Brent Beardsley, aliyekuwa msaidizi wake kulekule Rwanda. Kilitoka 2003, kikapata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada 2004, na filamu zikafuata. Kina kurasa zaidi ya 500. Msomaji mvivu ataishia njiani, maana vifupisho ni vingi kama siafu na kila baada ya kurasa mbili kuna kikao.

Hivyo vikao na vifupisho ndivyo ninavyotaka kuvitetea.

Kwanza neno lenyewe. Sisi kwa mazoea kila chuma cha jeshi chenye mtutu tunakiita kifaru, na magazeti yetu hayasaidii. Kifaru kina minyororo na mzinga mkubwa, kazi yake ni kushambulia. Anachokililia Dallaire sura hadi sura ni gari la deraya la kubebea askari: boksi la chuma, lina magurudumu au minyororo, ndani wanakaa askari wachache, juu kuna bunduki ya rashasha. Haliwezi kuteka mji, wala hakuomba la kuteka mji. Alitaka gari la kupita kwenye kizuizi cha barabarani ambako vijana wamelewa na wameshika mapanga na maguruneti, amfuate mtu nyumbani kwake, amtoe akiwa hai. Kigali ya Aprili 1994 ilikuwa mji wa vizuizi. Pikapu inasimamishwa na mtoto mwenye rungu. Deraya haisimamishwi kirahisi hivyo.

Sasa hesabu. Kwenye mpango, UNAMIR ilistahili magari ya deraya 22 na helikopta 8. Helikopta haikuja hata moja. Deraya zikaja 8, aina ya BTR-80, muundo wa Kisovieti, zilizotoka kwenye misheni ya Msumbiji, na kati ya hizo zilizoweza kutembea ni 5. Hayo si malalamiko ya Dallaire peke yake. Uchunguzi huru ulioagizwa na Umoja wa Mataifa wenyewe uliyaandika mwaka 1999. Tano, kwa nchi nzima. Na hata hizo tano zilikuwa na shida ya vipuri na mafundi, na askari wa Bangladesh waliopewa kuziendesha, kwa maelezo ya Dallaire, walikuwa wameletwa bila mafunzo ya kutosha wala vifaa vya maana.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, sura ya tarehe 7 Aprili inasomeka kwa tabu. Usiku uliotangulia ndege ya Rais Habyarimana, ikirejea kutoka kikaoni Dar es Salaam, ilitunguliwa. (Kikao Dar, mkataba Arusha. Tanzania imo kwenye habari hii kuliko tunavyopenda kukumbuka.) Asubuhi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana anauawa. Wabelgiji 10 waliotumwa kumlinda wanauawa kambini. Dallaire anaagiza deraya, deraya zinakwama njiani. Kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa anazunguka mjini kwa kuomba lifti, sehemu nyingine kwa miguu. Anayaandika yote haya kwa mpangilio, saa kwa saa, jina kwa jina, bila kupandisha sauti. Ni kama mtu anayekagua stoo huku nyumba inaungua, na ndiyo maana inauma. Mwandishi mwingine angetupa damu tu. Huyu anatupa damu pamoja na orodha ya vitu ambavyo vingeweza kuizuia, na nani alikuwa na saini iliyokosekana.

Kisha kuna habari ya deraya 50, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kitabu hata kama mwandishi mwenyewe hakuiweka katikati. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilikata kikosi kibaki na watu 270. Tarehe 17 Mei, aibu ilipozidi, likageuza na kuidhinisha askari 5,500. Askari hao walihitaji kitu cha kupandia. Tarehe 19 Mei Umoja wa Mataifa ukaiomba Marekani deraya 50, na tarehe 31 Marekani ikakubali kuzitoa Ujerumani hadi Entebbe. Ungedhani yameisha. Ndiyo kwanza yakaanza: ziwe za minyororo au za magurudumu? Zinunuliwe au zikodishwe? Nauli alipe nani? Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilidai dola milioni 15 za kusafirisha na kurudisha, na kwa kanuni zake gari halikuweza hata kuandaliwa kabla mkataba haujasainiwa. Zilianza kusafirishwa tarehe 19 Juni, mwezi mzima baada ya ombi. Zilipofika zilikuwa hazina redio za upepo wala bunduki nzito za juu. Waghana waliokusudiwa kuzitumia ilibidi wafundishwe kwanza. Tarehe 4 Julai RPF ikaingia Kigali. Hesabu inayotajwa mara nyingi ya waliouawa katika siku zile 100 ni watu 800,000.

Nilimsimulia habari hii mzee mmoja hapa Kasanda, dereva mstaafu wa malori. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaniuliza, “Mwanangu, umesema yalikuwa ya minyororo?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na yameshushwa Entebbe, vita iko Kigali. Sasa yalipanda nini? Gari la minyororo huliendeshi umbali huo, utaimaliza minyororo na barabara ya watu. Trela la kubebea matingatinga walileta?”

Hakuwa anatania. Hilo nalo lilikuwa tatizo halisi, yaani matrela ya kubebea yenyewe. Nilijikuta nafikiri kwamba mzee huyu, ambaye hasomi Kiingereza, angekielewa kitabu cha Dallaire kuliko wengi wetu tuliokisoma kwa kutafuta shetani.

Na hapa niseme kitu ambacho ukikisoma kitabu hiki ukiwa Kigoma huwezi kukikwepa. Kasanda iko kwenye miinuko, eneo ambalo wakati ule lote lilikuwa Kibondo. Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa Bujumbura, Warundi walimiminika Kibondo, Kasulu na Ngara. Mwaka uliofuata, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Tuliokulia huku tumeujua Umoja wa Mataifa kwa magari yake. Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu, malori ya unga na maharage, matangi ya maji, matrela ya maturubai. Kwa mtoto wa huku, UN ni watu ambao hawajawahi kupungukiwa gari. Halafu unakuwa mtu mzima, unafungua kitabu, unamkuta ng'ambo ya mpaka jenerali wa UN hiyohiyo anahesabu matano.

Siwasemi vibaya wa misaada, unga ule umewalea watu ninaowafahamu. Ila linganisha tu. Magari yalikuwepo, fedha zilikuwepo, meli na ndege zilikuwepo, kwa ajili ya aliyefanikiwa kuvuka daraja. Na wengi waliovuka Rusumo siku ile walikuwa wakiikimbia RPF, kati yao wakiwemo walioua. Mtutsi wa Kibungo aliyekuwa amejificha kwenye migomba hakufika darajani. Gari ambalo lingemfuata huko kwenye migomba ndilo lililokuwa bado linajadiliwa kama likodishwe au linunuliwe. Dallaire hasemi hivi moja kwa moja, lakini ushahidi wote ameuweka mezani.

Hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanza. Mtu aliyekusanya ushahidi wa namna hii, kwa nini anakimbilia kwa shetani? Sura za katikati zinaonesha wazi kwamba mauaji yalikuwa na ofisi, redio, orodha, mafuta ya magari na mishahara, na kwamba kutokuyazuia nako kulikuwa na ofisi, fomu na kanuni. Kisha kwenye jina la kitabu na kwenye kurasa zake za tafakuri anatupeleka jehanamu. Shetani hana anwani. Huwezi kumwandikia barua wala kumpandisha kizimbani. Mahakama ya Arusha, ambako Dallaire mwenyewe alikwenda kutoa ushahidi mwaka 1998 katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, haikuhukumu shetani. Ilihukumu mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Alirudi tena Arusha mwaka 2004 katika kesi ya Kanali Bagosora, mtu mwenye cheo na dawati. Naelewa kwamba aliyeona aliyoyaona anahitaji neno kubwa ili apate usingizi. Mwandishi ana haki hiyo. Msomaji hana.

Udhaifu wa pili ni sauti. Wanyarwanda kwenye kitabu hiki wengi ni miili, au ni wakubwa wa vikao. Mwanamke wa kawaida wa Kigali anapita kama kivuli. Na majeshi ya nchi maskini yanapimwa kwa kipimo kimoja tu: walikuwa msaada kwangu au mzigo kwangu? Waghana na Watunisia wanapata sifa, Wabangladeshi wanapata kipigo. Sawa, yeye ndiye aliyekuwepo. Lakini wakubwa waliowapeleka Wabangladeshi kule mikono mitupu wanatoka na lawama nyepesi kuliko askari wenyewe.

Dawa yake ni kusoma sambamba kitabu cha naibu wake, Brigedia Henry Anyidoho wa Ghana, Guns Over Kigali, kilichochapishwa Accra mwaka 1997. Ni chembamba, kikavu, kimeandikwa kama ripoti, na hakijatengenezewa filamu. Lakini ndiye aliyesema Waghana wanabaki pale New York ilipokuwa inataka kila mtu afunge virago, kabla hata serikali yake haijampa jibu. Askari wake walikuwa wamekaa kwenye eneo lililotengwa huko kaskazini, wakashushwa Kigali bila magari ya maana. Anyidoho analieleza hilo bila kulialia, kama mtu ambaye hakutarajia kupewa gari tangu mwanzo. Vitabu hivi viwili vina vita moja, makao makuu yaleyale, upungufu uleule. Mmoja ametoka nchi inayotengeneza deraya, na mshangao wake haukwisha hadi ukurasa wa mwisho. Mwingine ametoka nchi inayoazima.

Na yupo Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali, ambaye kwa bahati mbaya Dallaire anampa nafasi ndogo. Huyu hakuwa na deraya wala bunduki. Alikuwa mwangalizi asiye na silaha, akipita vizuizini kwa gari la kawaida, kwa sigara na utani, akiwa amebeba watu watatu, wanne, watano kwa safari. Aliokoa watu wengi kwa namna hiyo hadi kombora lilipomuua kizuizini tarehe 31 Mei 1994. Ukimweka Diagne pembeni ya deraya 50 zilizokuwa zinajadiliwa wiki hiyohiyo, utapata riwaya ambayo hakuna aliyeiandika.

Je, magari yangezuia? Dallaire anaamini kwamba askari 5,000 wenye vifaa wangezima moto mapema. Wapo wanaombishia, akiwemo Mmarekani Alan Kuperman, aliyehesabu muda wa kusafirisha majeshi na kusema wangefika wakati watu wengi wameshakufa. Ninavyoona, wote wawili wanajadili nchi nzima wakati kitabu chenyewe kinatuonesha mtaa. Deraya 22 zisingefika Kibuye wala Gikongoro milimani, hilo nakubali. Lakini Kigali, kwenye nyumba za watu waliokuwa wanampigia simu Dallaire na sauti kukatika wakiwa bado wanazungumza, umbali ulikuwa kilomita chache na kilichokuwa katikati ni vizuizi. Kwa watu hao jibu halihitaji profesa.

Kitabu kilitoka 2003, kwa hiyo mwendelezo wake haumo. Kanada, ambayo 1994 haikupeleka kikosi cha kupigana Rwanda (ilitoa maofisa wachache, na ndege za Hercules zilizoendelea kuruka Nairobi hadi Kigali wakati wengine wamekimbia, na kwa hilo wanastahili shukrani), ilikuwa na deraya zake yenyewe. Moja inaitwa Grizzly, ina magurudumu sita, imejengwa London, ile ya Ontario, kwa muundo wa Kiswisi. Mwaka 2005 Kanada iliazimisha deraya 105, nyingi zikiwa Grizzly, kwa majeshi ya Umoja wa Afrika huko Darfur. Mmoja wa washauri wa waziri mkuu wa Kanada kuhusu Darfur mwaka huo alikuwa Dallaire, wakati huo seneta, pamoja na Seneta Mobina Jaffer, mzaliwa wa Uganda. Na miongoni mwa askari waliopangiwa kuzipanda walikuwa Wanyarwanda. Soma hilo tena taratibu. Hata hivyo magari hayo yalikaa Dakar miezi kadhaa yakingoja Khartoum iyaruhusu kuingia.

Sasa tazama upande wa pili. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilieleza kwamba Serikali ya Sudan Kusini ilinunua magari ya deraya 173 mwaka 2014, vita ikiwa imeshawaka, kutoka Streit, kampuni ya mmiliki Mkanada yenye kiwanda Umoja wa Falme za Kiarabu. Hapakuwa na ubishi wa minyororo au magurudumu. Hayakuwa ya kukodi. Kwa vile yalitoka nje ya Kanada, sheria ya vibali ya Kanada haikuyagusa. Sudan Kusini leo ni mwenzetu kwenye Jumuiya.

Ningependa kusoma haya kwa Kiswahili, na yaandikwe na mtu wa huku. Hatuanzi patupu. Baldwin Mzirai aliandika Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, vita ya Kagera ikiwa bado moto, na Henry Muhanika akaitungia utenzi. Tangu hapo askari wetu wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 Brigedia Jenerali James Mwakibolwa aliongoza kikosi cha kujibu mashambulizi huko Kongo, cha Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi, kikashiriki kuisambaratisha M23. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo chao cha Semuliki, kaskazini mwa Kivu, kilishambuliwa, na Watanzania zaidi ya 10 wakafa. Tulichonacho kuhusu usiku huo ni taarifa kwa vyombo vya habari, picha za majeneza yenye bendera, na salamu za rambirambi. Riwaya hakuna, kumbukumbu hakuna, hata utenzi sijauona.

Waliorudi wapo. Wengine wamestaafu, tunapanda nao basi moja kwenda Kasulu. Siwadai kitabu cha kurasa 500 wala jina lenye shetani. Akinikubalia mmoja wao tukae nusu siku na kinasa sauti, nitaanzia kule alikoanzia mzee wangu wa malori: mlipewa gari gani, na siku ile liliwaka?